MJADALA: Vyuo vidogo vya Midwest vilipwe fidia wachezaji wao wa kikapu wanapochukuliwa na vyuo vikubwa?

Mtoa mada

Ndugu zangu, naleta hoja kuhusu mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Midwest, yaani yale majimbo ya Marekani yanayoanzia Ohio na Michigan hadi Iowa na Kansas, ambako mechi ya wanafunzi hujaza ukumbi wa watu elfu kumi na kitu katikati ya wiki, theluji ikiwa imefunika barabara. Hoja yangu ni moja: chuo kidogo kikimlea mchezaji, kisha chuo chenye fedha kikamchukua, kile kilichomlea kilipwe fidia.

Nianze na Indiana State, chuo cha mji wa Terre Haute. Hiki ndicho chuo cha Larry Bird, kilichoingia fainali ya taifa ya 1979 bila kupoteza mchezo hata mmoja, kikaja kuangushwa na Michigan State ya Magic Johnson kwa pointi 75 kwa 64. Msimu wa 2023/24 kilifufuka chini ya kocha Josh Schertz, kikiongozwa na Robbie Avila, kijana mrefu, mzito wa mwili, mwenye miwani ya michezo, ambaye ukimwona akipasha misuli hutamdhania mchezaji hatari, hadi atakapoupokea mpira juu ya eneo la hatari na kumpa mwenzake pasi ambayo beki haioni inapopita. Walishinda michezo 32. Wakafungwa na Drake katika fainali ya ligi yao ya Missouri Valley, kamati ya uteuzi ikawanyima nafasi katika mashindano ya taifa ya mwezi Machi, wakaenda NIT, ambayo ni mashindano ya waliokosa nafasi hiyo, na huko wakafika fainali wakafungwa na Seton Hall 79 kwa 77. Hiyo ilikuwa Aprili 2024. Haikupita wiki, kocha akatangazwa kuhamia Saint Louis, na kabla msimu mpya haujaanza, wachezaji wote watano wa kikosi cha kwanza walikuwa wamefungasha virago: Avila na Isaiah Swope walimfuata kocha, Ryan Conwell akaenda Xavier, Julian Larry na Jayson Kent wakaenda Texas. Terre Haute haikupata hata senti kwa ajili ya wachezaji hao.

Kwa asiyefuatilia, kanuni zilibadilika hivi. Zamani mchezaji aliyehama alilazimika kukaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na kuanzia Julai 1 mwaka huo huo akaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura yake. Mwaka 2024 kizuizi cha mara moja nacho kikaondoka. Tangu Julai 1, 2025, kufuatia suluhu iliyoidhinishwa mahakamani, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, kila chuo kikiwa na ukomo ulioanzia takribani dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa michezo yote. Ukomo huo vyuo vya Big Ten vinaufikia bila jasho, kwa kuwa ligi yao ilisaini mwaka 2022 mikataba ya runinga ya miaka saba yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Chuo cha Missouri Valley hakiwezi hata kuuota.

Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea dirisha la usajili, lakini soka lina jambo moja ambalo kikapu cha vyuo hakina. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Bila kitu cha namna hiyo, vyuo kama Indiana State vimegeuzwa shamba la bibi.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini umeanza kuhesabu katikati. Missouri Valley haikuanza kubomoka kwa sababu ya wachezaji. Creighton iliondoka mwaka 2013 kwenda ligi ya Big East, Wichita State ikaondoka 2017, Loyola Chicago ikaondoka 2022, na waliofanya uamuzi huo walikuwa marais wa vyuo na wakurugenzi wa michezo waliokuwa wakifuata fedha na hadhi. Na Missouri Valley yenyewe ilijaza mapengo kwa kuchota kutoka kwa waliokuwa dhaifu kuliko yenyewe: Loyola ilitolewa ligi ya Horizon kuziba nafasi ya Creighton, kisha Valparaiso ikatolewa huko huko kuziba nafasi ya Wichita State. Horizon ilikuwa imeshampoteza Butler pia, timu iliyocheza fainali mbili mfululizo za taifa, 2010 na 2011, ya kwanza ikipotea kwa pointi mbili tu mbele ya Duke. Karibu miaka yote hiyo mchezaji hakuwa na haki ya kuhama bila adhabu. Wakubwa walipohama hatukusikia neno fidia kwa ajili ya walioachwa. Kijana wa miaka ishirini alipofunguliwa mlango ule ule ndipo tukakumbuka haki.

Tazama pia Drake, chuo cha Des Moines katika jimbo la Iowa. Mwaka 2024 kocha wake Darian DeVries aliondoka kwenda West Virginia, akaenda na mwanawe Tucker, aliyekuwa nyota wa timu. Nafasi yake ikachukuliwa na Ben McCollum kutoka Northwest Missouri State, chuo cha daraja la pili katika mji mdogo wa Maryville, ambako alikuwa amechukua ubingwa wa taifa wa daraja hilo mara nne. McCollum alikuja na wachezaji wanne wa Maryville, akashinda michezo 31 na kupoteza minne, akaitoa Missouri katika raundi ya kwanza ya mashindano ya 2025, na mwisho wa msimu akachukuliwa na Iowa ya Big Ten. Bennett Stirtz, mchezaji wake bora, akamfuata, kama alivyomfuata kutoka Maryville. Wakati huo huo DeVries, baada ya msimu mmoja tu West Virginia, akahamia Indiana. Sasa niambie, katika mlolongo huo nani mwizi na nani mwibiwa? Drake ambayo ungeililia ilikuwa imevuna Maryville mwaka mmoja kabla.

Kisha kuna sheria. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2021 iliamua kwa kauli moja, majaji tisa wote, dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kesi ya Alston iliyohusu ukomo wa manufaa ya wanamichezo, na Desemba 2023 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ikazuia kanuni ya kuwaweka nje waliohama zaidi ya mara moja. Fidia unayoitaka ni bei iliyowekwa juu ya kichwa cha mwanafunzi. Chuo kinachomtaka kitapunguza malipo yake ili kilipe fidia, na mwenye kuumia atakuwa ni yule yule aliyefanyishwa kazi bila mshahara kwa vizazi vitatu.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnazungumza kana kwamba fedha ndiyo inayoshinda mechi. DePaul iko Chicago, katika soko kubwa kuliko yote Midwest, imo Big East tangu 2005, na tangu 2017 inacheza katika ukumbi mpya. Zamani Ray Meyer aliifundisha miaka 42 na kuifikisha nusu fainali za taifa za 1943 na 1979. Baada ya 2004, hadi 2025, haikuingia mashindano ya taifa hata mara moja, na msimu wa 2023/24 ilishinda michezo mitatu, ikapoteza 29, bila ushindi hata mmoja katika ligi yake.

Indiana nayo, yenye mataji matano ya taifa na kikosi cha 1976 ambacho ndicho bingwa wa mwisho wa wanaume aliyemaliza msimu bila kufungwa, ilimwachisha kazi kocha Archie Miller mwaka 2021 kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 10, zikatoka kwa wafadhili binafsi, na bado ikakosa mashindano ya 2024 na 2025. Mwendo wa saa mbili kaskazini, Purdue imekaa na kocha mmoja, Matt Painter, tangu 2005. Mwaka 2023 iliaibishwa na Fairleigh Dickinson, chuo kilichopangwa nafasi ya 16, ya mwisho katika kundi lake la mashindano ya taifa, na kelele za kutaka mabadiliko zikasikika. Hakufukuzwa. Mwaka uliofuata Zach Edey, Mkanada wa urefu wa mita 2.24, akaifikisha fainali, na ingawa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) ilishinda 75 kwa 60, pointi 37 kati ya hizo 60 zilikuwa za Edey, aliyekaa Purdue miaka yote minne. Subira haina bei sokoni.

Mchangiaji wa tatu

Mimi naishi Indianapolis, na usiku wa fainali ile ya NIT nilikuwa Hinkle Fieldhouse, ukumbi wa matofali uliojengwa mwaka 1928. Nawaambia kwamba sehemu kubwa ya waliokuwamo walikuwa wametoka Terre Haute, mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kwa gari. Nyuma yangu alikaa mzee na wajukuu wawili, wote watatu wamevaa miwani mikubwa ya plastiki kumwigiza Avila. Mchezo ulipokwisha, mdogo alilia, na babu akambembeleza kwa kumwambia kwamba mwakani watarudi. Kwa umri wake alikuwa na kila sababu ya kuamini maneno hayo, maana timu aliyokua nayo ndivyo ilivyokuwa: ukifungwa mwaka huu, unawasubiri vijana wale wale wakiwa wamekomaa. Msimu uliofuata nilikwenda kuwatazama tena nikajikuta nasoma majina kwenye karatasi ya mechi kama mgeni.

Kaka mchangiaji wa kwanza, sikatai kwamba kocha ndiye aliyetangulia kuondoka. Lakini kocha alipoondoka palikuwa na kipengele cha fidia kwenye mkataba. Huyo mtoto aliyelia hakuwa na kipengele.

Na niongeze jambo ambalo sisi tunaotoka Afrika Mashariki na Kongo tunaliona kwa jicho jingine. Haki hii ya kulipwa haikuwafikia wote. Mchezaji wa kigeni aliyeko kwa viza ya mwanafunzi amebanwa sana katika kufanya kazi ya malipo ndani ya Marekani. Edey alikutana na ukuta huo, na Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa mchezaji bora wa taifa wa 2022 akiwa Kentucky, alilazimika kutumia ziara ya timu huko Bahamas kufanya matangazo yake. Wengi wetu tulianza kuufuata mchezo huu kwa sababu ya Mtanzania Hasheem Thabeet, na tunakumbuka Aprili 2009 alipokuwa na UConn pale Detroit, wakatolewa nusu fainali na Michigan State iliyokuwa ikichezea katika jimbo la nyumbani. Kwa hiyo tukizungumza habari ya wachezaji kutajirika, tuulize ni wachezaji gani.

Mtoa mada

Nimesoma yote kwa makini, na nakiri mahali nilipokosea. Nilisimulia habari ya Terre Haute kana kwamba pale ndipo mto unapoanzia. Maryville iko juu zaidi, nami sikuiona. Hata Purdue ya subira inayosifiwa na mchangiaji wa pili, katika kikosi kilichocheza fainali ya 2024 alikuwamo Lance Jones, aliyefika mwaka mmoja kabla akitokea Southern Illinois ya Missouri Valley. Subira ilikuwapo, ila ilinunua na kiraka kimoja kutoka kwa jirani maskini.

Kuhusu DePaul na Indiana sina ubishi, lakini naona mifano hiyo inanisaidia. Chuo cha ligi kubwa kinaweza kukosea miaka ishirini na kikabaki kwenye ligi ile ile, kikigawiwa fedha zile zile za runinga, kikisubiri kocha atakayekinyanyua. Indiana State ilipata msimu wa ushindi mwingi kuliko wowote tangu 1979, na kwa kupatia huko ikapoteza kila kitu. Hilo ndilo linalonikera kuliko kufungwa.

Hoja ya sheria ni nzito zaidi. Kama fidia itawekwa na NCAA kwa vyuo vyote, naamini mahakama itaivunja. Ila mambo yamebadilika kwa kuwa sasa vyuo vinawasainisha wachezaji mikataba, na mkataba unaweza kuwa na kipengele cha kuvunja kama ule wa kocha. Wisconsin tayari iliishtaki Miami mwezi Juni 2025 ikidai iliingilia mkataba wake na mchezaji wa futiboli ya Kimarekani. Chuo kidogo nacho kinaweza kumwambia kijana: tunakulipa kiasi hiki kwa miaka miwili, ukiondoka baada ya mmoja, anayekuchukua atatulipa kiasi hiki. Kijana akiona hakimfai, asisaini. Hapo hakuna bei iliyowekwa na mtu mwingine juu ya kichwa chake.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo tumekaribiana, ingawa umehama kutoka fidia ya lazima hadi mkataba wa hiari, na hayo ni mambo mawili. Tatizo langu ni kwamba mwenye kisu kikali ndiye mwenye kuandika mkataba, na kijana wa Maryville wa miaka kumi na nane hana wakili. Halafu nijibu hili: Stirtz alicheza Maryville misimu miwili, Drake mmoja, kisha Iowa ikamchukua. Fidia ya Iowa ingekwenda wapi?

Mtoa mada

Theluthi mbili Maryville, theluthi moja Des Moines. Na ile ambayo Drake ingepaswa kuilipa Maryville mwaka 2024, ilipwe kwanza.