Yule wa kipaza sauti pale Ngamiani, Tanga, leo kanidhalilisha mbele ya wanafunzi wangu!

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule muuza dawa za miti, mnamjua, sina haja ya kumtaja, leo kanivua nguo mchana kweupe.

Anatangaza: "Majani ya mwarobaini hayana kemikali hata moja!" Sauti hiyo hadi Pemba wameisikia. Nikamwambia kwa adabu zote, bwana, majani hayo kemikali tele. Kuna kwasetini, kuna nimbini na nimbolidi, na limonoidi kama hizo, yaani kemikali chungu, ndizo zinazokukunja uso ukinywa. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akasogeza kipaza sauti mdomoni: "Mwalimu, chaki imekupanda kichwani!"

CHAKI. IMEKUPANDA. KICHWANI. Soko zima likaangua kicheko. Muuza madafu akaweka panga chini ili acheke vizuri. Na vijana wangu wawili wa kidato cha tatu wako pale na sare zao!

Cha kuudhi, chupa zake za majani ya kuchemsha zimeandikwa "AZADIRAKTINI TUPU". Si umesema hakuna kemikali? Azadiraktini nayo ni kemikali! Halafu imejaa zaidi kwenye mbegu, si kwenye majani. Molekuli yake moja tu ina atomi za kaboni 35, hidrojeni 44, oksijeni 16. Wanakemia wa Cambridge wamehangaika miaka 22 kuiunda maabara, wakafanikiwa 2007. Mdudu akiila anashindwa hata kujivua gamba. Yeye anaipata tupu kwenye sufuria la ubwabwa, lakini chaki imenipanda mimi!

Akamshika mama mmoja, amuuzie mafuta ya mbegu akamnyweshe kichanga. Mafuta hayo yameshadhuru watoto wachanga, jamani. Nikafungua mdomo, hata sijamaliza: "Chaki hiyo, inaongea!" Kicheko upya.

Kijana wa Chuda: Mleta mada, nilikuwepo. Mbona husemi kwamba begani ulikuwa na chaki kweli? 😂😂

Mama Mwanaidi: Mimi nimenyweshwa mwarobaini tangu utoto. Ningejua ni hizo limonadi ningemshtaki mama.

Mleta mada: LIMONOIDI.

Mama Mwanaidi: Haya mwalimu, usinichape.

Bin Pwani: Huyo si mtu wa Tanga, ni waja leo. Mtu wa Tanga anakutukana kwa upole mpaka unamshukuru. Ila la kichanga mwalimu kasema kweli, msilichekee.

Dereva Mstaafu: Ngoja wajuzi waje. Inatibu kisukari au haitibu?

Kijana wa Chuda: Jamaa anasema inatibu hadi kukosa mchumba. Mwalimu ungenunua mbili.

Fundi Baiskeli: Mnalia na wa dawa? Njooni Makorora kuna wa viatu vya mtumba, alfajiri tu kashawasha spika. Mtoto wangu neno la kwanza kasema "jero".

Mama Mwanaidi: Afadhali huyo anauza. Jirani yangu anapiga taarab usiku kucha na wala hana sherehe.

Dereva Mstaafu: Taarab gani? Mpya au za zamani?

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Kasema CHAKI, mbele ya wanafunzi!

Fundi Baiskeli: Mada ipi mkuu?

Bin Pwani: Mwacheni. Nani kapita soko la samaki la Deep Sea leo, nguru wapo?