Baridi yabisi: mama yuko sawa, mama mdogo vidole vimepinda. Nimtumie dawa za mama?

BintiKasulu:
Habari zenu wakuu. Mama na mdogo wake wote wana baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Mama yuko Dar, ana bima ya kazini kwa baba. Vidole vilipoanza kuvimba alipimwa mapema, akaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza hiyo kinga, leo anasukuma chapati mwenyewe. Mama mdogo yuko Kasulu, hana bima. Miaka yote akienda kutibiwa anachomwa diklofenaki ya kutuliza maumivu, anarudishwa nyumbani. Nilipokwenda msimu wa mahindi nilimkuta anafungua kidumu kwa meno. Vidole vimelala upande wa kidole cha mwisho, uso umejaa kwa predinisoloni, vidonge vya steroidi anavyojinunulia dukani. Wametoka tumbo moja na ugonjwa ni mmoja! Inaniuma sana. Nimtumie dawa za mama tukiwa tunachanga nauli?

Mfamasia_Tabora:
Tafadhali usitume. Methotreksati ya viungo inamezwa mara moja kwa wiki, na kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Kabla ya kuanza anapimwa picha kamili ya damu, ini na figo, kisha vipimo vinarudiwa, na anapewa vitamini ya foliki asidi. Kama bado anaweza kushika mimba, aseme, maana inadhuru mtoto tumboni. Dawa yenyewe ni ya zamani, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Mtu wa kijijini anakwamishwa na vipimo, nauli na kukosa daktari wa kumwandikia. Na hiyo predinisoloni asiikatishe ghafla, ni hatari. Daktari ataipunguza taratibu.

Mama_wa_Mwanza:
Pole mdogo wangu. Mimi niliambiwa ni gauti, nikaacha nyama bure. Baadaye kipimo cha damu cha baridi yabisi kikatoka hasi, wakasema sina, kumbe wapo wagonjwa ambao hakiwaonyeshi. Bingwa wa viungo ni wachache mno, kwa hiyo aombe rufaa wilayani aje hospitali ya Bugando hapa Mwanza kwa daktari wa magonjwa ya ndani. Aeleze asubuhi viungo vinakaza kwa muda gani, na mpige picha mikono kwa simu siku imevimba. Kama hana uwezo, achukue barua kwa mtendaji wa kijiji, aende nayo ustawi wa jamii hospitalini aombe msamaha wa gharama.

BintiKasulu:
Asanteni sana. Vidole vitanyooka?

Mfamasia_Tabora:
Vilivyokwisha kupinda dawa haivirudishi. Ila magoti, mabega na viungo ambavyo havijaharibika vinaweza kuokolewa, ndiyo maana msichelewe.

BintiKasulu:
Nimeelewa, dawa za mama hazitoki Dar. Nimeongea na mama mdogo, barua ya mtendaji anaifuata Jumatatu. Aliyeko Kasulu anisaidie: vipimo vya ini na figo vinafanyika hapo wilayani? Akianza dawa, hataweza nauli ya Mwanza kila anapotakiwa kupima.