Naombeni ushauri: kompyuta ya steshenari inajizima kila dakika 10, prosesa inachemka

Kijana_Gungu
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo huku Gungu, Kigoma mjini. Kompyuta yangu ya mezani, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5-3470, inajizima kila baada ya dakika 10, nikiiwasha papo hapo inazima haraka zaidi. BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka mashine inapowaka, inasoma joto la prosesa nyuzi 94 na linapanda huku naangalia. Feni inazunguka vizuri. Kuna shule imenipa mitihani ya kuchapa, inatakiwa Ijumaa na leo ni Jumatano. Swali langu moja tu: ninunue prosesa mpya, au nibadilishe na mazabodi kabisa, ule ubao mkuu unaobeba vyote? Usingizi sina.

Mama_Riziki
Pole mwanangu. Hilo ni vumbi. Kiangazi cha huku vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mimi nilikuwa na kompyuta ya muziki saluni kwangu Mwanga, ikawa inajizima vilevile. Mdogo wangu akaizuia feni kwa kidole, akaipuliza kwa drai ya nywele, upepo wa baridi, lilitoka vumbi la kujaza kibaba. Ile saluni nilikuja kuifunga kwa ajili ya kodi, mwenye nyumba alinitesa sana.

Mzee_wa_Kibirizi
Sisi tuliishi hapa na umeme wa majenereta ya dizeli, ulikuwa unapanda unashuka, tumezika redio na friji ngapi. Nunua stebilaiza, ya kutuliza umeme. Na kazi ya walimu usiipokee kabla chombo chako hakijawa kizima, ni aibu.

Fundi_Soketi
Shikamoo mzee. Stebilaiza haipozi prosesa. Mkuu, prosesa kufa ni nadra. Ikizidiwa na joto inapunguza kasi, ikishindwa inajizima isiungue, na nyingi za Intel kikomo chake ni nyuzi 100 hivi. Yako inajitetea, maana yake bado nzima. Nijibu mawili. Ikijizima tu, chomoa waya, gusa lile bati la alumini chini ya feni: la moto au la baridi? Pili, kabla haijaanza haya, nani aliifungua?

Kijana_Gungu
Nimegusa. Vuguvugu tu, kama uji uliosahaulika. Ilianza wiki iliyopita.

Fundi_Soketi
Hujajibu nani aliifungua. Prosesa nyuzi 94 na bati vuguvugu, basi joto halivuki kufika kwenye bati. Feni inapuliza bure.

Kijana_Gungu
Sawa. Niliifungua mwenyewe nisafishe vumbi. Ile pesti ya kijivu juu ya prosesa, ya kupitisha joto kwenda kwenye bati, ilikuwa imekauka, inabanduka kama chokaa, nikaikwangua. Mpya sikuwa nayo. Jirani yangu ni fundi wa injini za boti, akanipa grisi, nikapaka. Lakini grisi si ndiyo inayowekwa kwenye vyuma vyenye moto? Injini za meli ya Liemba zilipakwa grisi, zikakaa miaka chini ya maji na zikatoka nzima! Sioni nilipokosea. Halafu kuna fundi ameshaniambia prosesa imekufa pamoja na mazabodi, vyote 280,000, na nimeshampa 80,000 aagize Dar. Nilitaka mnithibitishie tu.

Mzee_wa_Kibirizi
Liemba usiiseme hivyo, mjukuu wangu. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi, isichukuliwe na adui. Grisi waliipaka ili maji yasile chuma. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Grisi ilizuia kutu, haikupoza kitu. Mimi nimeipanda mpaka Kasanga, nimelala juu ya magunia ya dagaa, naijua.

Mtoto_wa_Mwandiga
Jamani hii chai, hadithi ya kutunga, tena chai ya tangawizi. Grisi ya boti, Liemba na mitihani ya Ijumaa, vyote uzi mmoja? Kompyuta inayojizima kila dakika 10, wiki nzima ameendeshaje duka? Atuwekee picha. Kesho mtasikia anaomba mchango.

Kijana_Gungu
Mchango sihitaji. Kamera ya simu yangu imepasuka kioo. Naendesha hivi: nimetoa ubavu wa keisi, nimeielekezea feni ya mezani, nachapa kurasa 3, nahifadhi, inazima, nasubiri ipoe. Jana nimelala saa 8 usiku. Jiografia ya kidato cha pili nimeiandika mara mbili kwa sababu ilizima sijahifadhi. Anayesema chai aje dukani aone.

Fundi_Soketi
Mimi namwamini. Mtunga chai angesema bati linaunguza. Mkuu, grisi ni mbaya, ila kuna kingine. Bati hilo lina pini 4 za plastiki. Kulitoa unazizungusha kufuata mshale uliochorwa kichwani. Kulirudisha unazizungusha kwanza kinyume, ndipo unabonyeza pini zinazotazamana kwa mshazari, kila moja iseme "tak". Ulifanya hivyo? Litikise.

Kijana_Gungu
Linacheza. Upande mmoja linainuka, naona mwanga katikati. Mshale sikuuona.

Fundi_Soketi
Ndiyo hapo. Futa grisi yote kwa kitambaa cha pamba na spiriti, prosesa yenyewe iache kwenye soketi. Pesti waulize mafundi wa laptopu, inauzwa kwenye bomba dogo kama la sindano. Tone la ukubwa wa mbaazi katikati, bati litalitandaza lenyewe. Na huyo fundi mpigie leo, asiagize.

Kijana_Gungu
Huyo fundi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nikidai hela ataona nimemdharau. Na prosesa mpya si itaongeza kasi hata hivyo?

Mama_Riziki
Mwanangu, mpigie usiku huu huu kabla hela haijapanda basi. Msalimie kwanza, mwambie mashine imepona, mwachie kidogo ya usumbufu.

Kijana_Gungu
Alhamisi, saa 4 asubuhi. Pesti nimepata. Pini tatu zimelia upesi. Ya nne iligoma mpaka nikaitoa mazabodi nzima, nikailaza juu ya kanga ya mke wangu na kuisukuma kwa vidole gumba viwili. Sasa BIOS inasoma nyuzi 43, na saa nzima imepita haijazima. Nimeizima nikaligusa bati: sasa lina joto lake. Fundi_Soketi, Mungu akubariki sana. Nimebakiza Hisabati na Kiswahili.
Shemeji nimempigia mara tatu, hapokei.