Simu inaweza kumwamsha dereva anayesinzia?

Binti wa Dereva:
Wakuu, shikamooni. Baba yangu ana miaka 58, anaendesha lori la masafa marefu, safari nyingi ni za usiku. Wiki mbili zilizopita alipitiwa na usingizi, akashtuliwa na mlio wa changarawe pembeni ya barabara. Sijalala vizuri tangu aliponisimulia. Nasikia kuna programu za simu zenye akili bandia zinazomtazama dereva machoni na kupiga kengele. Nimwekee, au nitamwongezea kitu cha kumvuruga?

Mshika Usukani:
Marahaba binti, pole sana. Mwekee. Ninayo mwaka wa pili sasa. Kamera inafuatilia kope: zinafumba mara ngapi, zinakaa zimefumba kwa muda gani. Inaona pia miayo na kichwa kinachoinama. Lori likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo macho yakifumba sekunde tatu tu, mita 66 zimepita halina mwenyewe.

Lakini kamera ya kawaida ya simu haioni vizuri gizani, na miwani myeusi inaizuia kabisa. Kwa usiku mtafutie kamera ya infraredi, ile inayoona hata gizani.

Sasa nisikilize hapa. Mwanzoni kengele ikilia nilikuwa naizima, nafungua dirisha, naendelea. Usiku mmoja ililia mara tatu, nikaizima mara zote tatu. Ya nne sikuisikia. Utingo ndiye aliyedaka usukani. Siku hizi ikilia mara ya kwanza natafuta pa kuegesha, nalala dakika 20. Mwambie baba hivyo hivyo.

Fundi Programu:
Naunga mkono. Ongeza hili: vihisi vya simu vinatambua pia breki za ghafla na kona kali. Ila hakikisha picha za uso wake zinachakatwa ndani ya simu, zisitumwe kokote. Na simu ifungwe imara kwenye dashibodi, meseji zote zizimwe akiwa barabarani.

Binti wa Dereva:
Asanteni mno. Nimeongea naye jioni hii. Amekubali, kwa sharti kwamba tajiri wake asipelekewe taarifa hizo. Na mimi nimempa langu: kengele ya kwanza aegeshe, anipigie. Hata iwe saa tisa usiku, nitapokea.