Bando "bila kikomo": spidi inasoma vizuri ila video haziendi. Wananibana?

FundiVideo_Chikongola:
Wakuu, nina studio ya video za harusi hapa Chikongola, Mtwara mjini. Nalipia kifurushi cha mwezi cha "bila kikomo". Mwanzoni mwa mwezi mambo safi. Mwezi ukikata katikati, YouTube inashuka mpaka 360p, na faili la harusi nikilipandisha jioni mpaka asubuhi bado linasota. Ajabu ni kwamba nikipima spidi, mshale unapanda vizuri tu, na WhatsApp inaruka. Huduma kwa wateja wananiambia zima ruta, washa. Bibi harusi wa Mikindani ananipigia kutwa, eti nimemla hela.

Kubanwa sikatai. Waandike basi wanabana nini na kuanzia GB ngapi, nijipange!

BabaNachingwea:
Mdogo wangu, ukivuka kikomo cha matumizi kwa kawaida kila kitu kinapungua, hata kipimo cha spidi. Kwako inaumia video peke yake, hiyo inanukia ubaguzi wa data, yaani mtandao kubana aina moja ya data na kuachia nyingine. Shusha Wehe, programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani. Inapitisha data ya video kama ilivyo, halafu inaipitisha tena ikiwa imevurugwa, mtandao usiitambue. Ya pili ikikimbia kuliko ya kwanza, ushawakamata. VPN, ile njia ya kumficha mtoa huduma unachofungua, nayo ingekuonyesha, ila TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu 2023 wanataka uisajili.

Korosho_Daraja1:
Mnamuonea mtoa huduma bure. Jioni mnara umejaa. Mmesahau Mei 2024, nyaya za baharini za intaneti, EASSy na Seacom, zilipokatika?

FundiVideo_Chikongola:
Kaka, siku zile hata kipimo chenyewe kilikuwa hakifunguki. Na mnara gani unaojaa kuanzia katikati ya mwezi?

Tena wa kuficha wapo. Comcast, watoa huduma ya intaneti kule Marekani, mwaka 2007 walikuwa wanakatiza BitTorrent, njia ya watu kugawiana mafaili, kimyakimya huku wanakana, mpaka wateja wakapima wenyewe. FCC, tume ya mawasiliano ya huko, ikawaamuru 2008 waache na waeleze wanavyoendesha mtandao, ingawa mahakama ilikuja kuitengua amri hiyo 2010. Umoja wa Ulaya sheria yao ya 2015 inataka mkataba wenyewe useme. Wangu una kurasa kibao za namna ya kulipa, habari ya kubana hamna hata mstari.

Wehe inashuka hapa. Napima saa mbili usiku, halafu alfajiri, naweka picha zote.

BabaNachingwea:
Pima kwa bando hilo hilo, usiwashe WiFi ya jirani. Na malalamiko peleka kwa mtoa huduma kwanza, kwa maandishi, ndiyo uende TCRA. Ukianzia TCRA watakurudisha.