Ukoo wa Bi Somoe, Chikongola

[19:42] Mwajuma: Assalam aleykum. Paka Kapteni hajakojoa tangu jana. Anachuchumaa pale kwenye mchanga, anajikamua, analia, linatoka tone moja la damu. Daktari wa mifugo kamshika tumbo, kibofu kigumu kama limau. Anasema paka dume njia yake nyembamba, vijiwe vikinasa ndiyo basi. Anatakiwa kuwekewa mpira wa mkojo leo hii, kwa nusu kaputi. Laki na ishirini. Natoa 20,000. Andikeni majina.

[19:58] Mwajuma: Tiki za bluu naziona.

[20:05] Hamisi: Paka na mpira 😂 bima anayo?

[20:06] Zuhura: 😂😂😂

[20:07] Mwajuma: Mkojo ukirudi nyuma unaua figo. Potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unasimama. Ni suala la siku moja mbili, na moja imeshapita.

[20:11] Mama Mdogo Fatu: Mpeni nusu panadol atulie kwanza.

[20:11] Mwajuma: MAMA MDOGO USIMPE PANADOL!! Kwa paka ni sumu, hata kidogo inaua. Shikamoo lakini.

[20:14] Mama Mdogo Fatu: Marahaba. Sisemi tena.

[20:20] Salumu Dar: Hela anashika nani? Maana ile ya mabati, nyumba inavuja mpaka leo.

[20:21] Mwajuma: Umeanza.

[20:21] Salumu Dar: Nimeuliza.

[20:22] Hamisi: Mabati nayo yalipigwa nusu kaputi, hayajazinduka 😂

[20:23] Mwajuma: Hamisi, zile korosho za Naliendele uliuza za nani?

[20:24] Hamisi: Ujumbe huu umefutwa

[20:24] Zuhura: Nimeshausoma 👀

[20:31] Mwajuma: Turudi kwa paka. Akiziba tena ni operesheni ya kukata na kuipanua njia, tutaambiwa twende chuo cha kilimo SUA, Morogoro. Nauli ya huko nani anayo?

[20:50] Baba Mkubwa Chande: Yule paka, marehemu alikuwa akimchambulia samaki kwa mkono wake. Mpaka siku ile yuko miguuni pake. Nanyi mnacheka. Mwajuma, mtume mtoto aje achukue hamsini.

[20:58] Hamisi: Shikamoo Baba Mkubwa. Niko Magomeni, nakuja na bajaji. Kapu lenye mfuniko lipo?

[20:59] Zuhura: Nimetuma 10.

[21:03] Salumu Dar: Mimi namtumia daktari moja kwa moja. Kesho.

[21:04] Mwajuma: Kesho ipi sasa Salumu?

[23:17] Mwajuma: Mpira umeingia, mkojo umetoka mwekundu, mwingi. Bado anapepesuka. Alazwe, awekewe dripu, damu irudiwe kupimwa tuone figo. Akirudi nyumbani maji mengi na chakula cha majimaji, dagaa wakavu asipewe tena. Imepungua 40,000. Na nani anakwenda kukaa naye asubuhi? Mimi nina zamu.

[23:40] Hamisi: Bajaji mwenyewe anaitaka saa kumi na mbili.

[05:52] Rukia: Assalam aleykum, ndiyo nafungua simu. Nani kalazwa?

[06:15] Mama Mdogo Fatu: Nilisema sisemi. Ila asubuhi nipo.

[06:16] Mwajuma: Ahsante mama. Salumu??