Mjadala: Biashara ya kijana wa miaka 16 ni mali ya nani?

Waungwana, mada iliyo mbele yetu ni hii: kijana ambaye hajatimiza miaka 18 aachiwe aanzishe biashara na kuikuza kwa jina lake, au asubiri mpaka apate kitambulisho? Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Baadhi wanasema mtoto ashike kalamu kwanza, kwani akishazoea kushika noti haoni tena faida ya darasa. Wengine wanajibu kwamba ajira hakuna, hivyo anayechelewa kuanza ameshaachwa nyuma. Naona tunabishania jambo lililokwisha kutokea, kwa sababu vijana wetu wanauza tayari.

Chukueni mabuyu. Binti wa kidato cha tatu anayeyapika kwao Majengo, hapa Mombasa, huchemsha sukari, iliki na rangi mpaka shira ishike, akamimina ubuyu na kukoroga upesi kabla haujagandana, kisha akaufunga katika vipakiti vya shilingi kumi. Sukari ikipanda, bei haibadiliki, maana wateja wake ni watoto wenzake. Hupunguza punje ndani ya pakiti. Hesabu hiyo hakufundishwa na mtu. Lakini siku mwenye duka atakapotaka katoni nzima kila wiki, atagonga ukuta. Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya ulioanzishwa mwaka 2022, haimtambui asiye na kitambulisho. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inataka mkurugenzi awe ametimiza miaka 18. Hata M-PESA Go, huduma ya fedha kwa simu iliyobuniwa kwa walio na miaka 10 hadi 17, iko chini ya uangalizi wa mzazi. Basi kila kitu huandikwa kwa jina la mama, na hapo ndipo penye mzozo ambao sijaona mchangiaji akiugusa: fedha zikishakuwa nyingi, ni za nani? Katika nyumba nyingi mtaji wa mtoto hugeuka kodi ya nyumba, karo ya mdogo wake, au mchango wa arusi. Hakuna anayehesabu kwamba ameiba, kwa kuwa tumelelewa tukiambiwa mtoto na alicho nacho ni vya wazazi, lakini biashara imekufa.

Wengi wetu hapa Mombasa tuna marejeo ya zamani kuhusu suala hili. Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, inawaamuru walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, wakiona wamekuwa waelekevu wawakabidhi mali zao mbele ya mashahidi, wala wasizile kwa pupa kabla hawajakua. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani hii, wameeleza namna ya kulifanya jaribio hilo: mtoto hupatana bei mwenyewe, na ikifika kufunga mkataba, mlezi ndiye anayeufunga. Wa Hanafi ni wepesi zaidi, nao humruhusu mtoto mwenye kupambanua auze kwa idhini ya mlezi wake. Aya inazungumzia mayatima, nalijua hilo, ila sioni kwa nini mwenye wazazi wawili hai awe na haki ndogo kuliko yatima.

Kuhusu masomo sina maneno mengi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kuajiriwa kazi nyepesi tu, isiyomzuia kwenda shule, na sioni sababu ya anayejifanyia kazi mwenyewe kuwekewa kipimo kilicho chini ya hicho. Mtoto anayetembeza kachiri za kukaanga ufuoni Jumatatu saa nne asubuhi, wenzake wakiwa darasani, aghalabu biashara ile ni ya mtu mzima.

Napendekeza kaunti itoe leseni yenye majina mawili, la kijana na la mlezi wake, pamoja na daftari linaloonyesha mtaji, faida na kila kilichochukuliwa, ili akitimiza miaka 18 akabidhiwe chake kwa mashahidi. Wapinzani watasema tunaileta serikali sebuleni, na kwa kiasi fulani ni kweli. Hata mimi sifurahii karani kumuuliza mama na mwanawe wanagawana vipi. Atakayekuja na njia nyepesi kuliko hiyo nitamuunga mkono. Kabla ya hapo, ningeomba wazazi ambao watoto wao wanauza watujibu: daftari la mwanao liko kwa nani, na mara ya mwisho ulipochukua fedha zake, uliandika?